Tuliwapa Ulinzi, Hatukuwapa Hukumu

Wanangu, kofia hiyo mliyopewa itawabana kichwa miezi ya kwanza, halafu mtaizoea, na mkishaizoea ndipo muanze kuwa na wasiwasi. Mimi niliivaa miaka yangu yote ya kazi, nikiwa naibu wa chifu katika kata ndogo iliyo juu kidogo ya Ekerenyo. Nilipostaafu nilikuwa na mstari kwenye paji la uso ambao haujatoka mpaka leo. Mume wangu hunitania kwamba serikali ilinipiga chapa ili nisipotee.

Nimesikia mmoja wenu, yule msichana wa Kenyenya aliyesoma hadi chuo kikuu, akiuliza ni kwa nini watu hukubali kutawaliwa. Anasema walifundishwa kwamba hapo kale watu waliishi wakiogopana, kila mtu na rungu lake, mpaka wakakaa chini wakapatana: kila mmoja aweke rungu lake chini, wamtii mmoja, ili wote wapate usingizi. Alitaka kujua kama kweli jambo kama hilo limewahi kutokea. Binti yangu, ya kale siyajui. Lakini mkutano wa namna hiyo niliushuhudia mwenyewe, nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki katika kituo chetu cha kupimia majani chai. Nitawaeleza uliishaje.

Kwanza mjue mmepewa nini. Hamkupewa bunduki. Mmepewa kofia, sare, na simu ambayo vocha yake mtajinunulia wenyewe. Wakati wangu kituo cha polisi kilikuwa mbali, na gari lao likipata mafuta, dereva amekwenda likizo. Kwa hiyo siku ya kwanza niliposimama mbele ya watu na kusema, "Mimi ndiye serikali hapa," mama mmoja aliyekuwa akimenya ndizi alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Hakucheka kwa dharau. Aliona jambo ambalo mimi nilikuwa sijaliona bado: kwamba mkutano mzima ukiamua kuondoka, nitabaki nikitawala viti.

Aliyenifundisha kazi si afisa yeyote. Alikuwa Mzee Ombati, mzee wa kijiji, mtu mfupi mwenye koti la mvua hata wakati wa jua. Kesi yangu ya kwanza ilihusu mbuzi aliyekula sukuma wiki ya jirani. Nilisikiliza, nikaamua palepale, nikajiona hodari. Kabla ya jioni mwenye mbuzi na mwenye sukuma wiki walikuwa wamepatana, na jambo waliloafikiana ni kwamba mimi sifai. Mzee Ombati akaniambia, "Chifu, usiamue haraka. Mwambie kila mmoja aeleze mwenzake analalamikia nini. Akishindwa kueleza, bado hajasikia. Mrudishe akasikilize." Nilifanya hivyo maisha yangu yote. Alinifundisha pia nisikilize kesi za mipaka asubuhi, kabla watu hawajapitia kwenye pombe, na nisinywe chai katika boma moja kati ya mawili yanayogombana, hata kama kuna baridi na chai inanukia namna gani. Mengine alinifundisha bila kujua.

Sasa sikilizeni.

Kuna mwaka wizi ulizidi. Ng'ombe walifunguliwa kwenye mabanda. Ndizi zilikatwa zikiwa changa, mkungu mzima, na asubuhi mwenye shamba anakuta shina tu linachuruzika utomvu. Mama mmoja mjane alivunjiwa mlango, akakatwa mkono akijaribu kushikilia kamba ya ndama. Polisi walikuja, wakaandika, wakaenda. Watu walianza kulala na panga chini ya mto, na mtu akikohoa nje unamsikia jirani akinoa. Siku moja mzee alimkata mwanawe mwenyewe begani, akidhani ni mwizi. Kijana alikuwa ametoka msalani. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi hofu inavyoweza kuwageuza watu wazuri.

Mkutano uliitwa na watu wenyewe, haukuitwa na mimi. Aliyesimama kuzungumza alikuwa Ondieki, mkulima wa majani chai, mtu mtulivu, mume wa Kemunto. Alisema, "Hatuwezi kuendelea hivi. Kila mtu akijilinda peke yake tutamalizana. Tuchague vijana, tuwape tochi na viatu vya gambuti, kila boma lichangie chakula chao. Wakipiga filimbi, sote tutoke. Wakisema simama, sote tusimame. Mapanga yetu tuyaache ndani."

Watu walipiga makofi. Mimi nilisimama nikauliza, "Na wao wakikosea, nani atawaambia?"

Mzee mmoja akanijibu kwa sauti, "Chifu, serikali imetufanyia nini mpaka ituulize maswali?"

Yule mama aliyekatwa mkono alikuwa ameketi mstari wa mbele, bendeji yake nyeupe kabisa. Niliketi.

Wakamchagua Makori awe kiongozi. Alikuwa kijana mwenye mwili, aliyewahi kufanya kazi ya ulinzi mjini Kisii, mcheshi, anayejua kuongea na watu. Siwezi kuwadanganya kwamba nilimwogopa tangu mwanzo. Nilimpenda. Wizi ulikoma. Ng'ombe walilala, na sisi tukalala. Makori alikuwa akinipita njiani na kunipigia saluti ya mzaha: "Chifu, tulia. Hii area tumeishika." Wanawake walimpikia. Watoto walicheza mchezo wa kuwa Makori.

Halafu, taratibu, mambo yakaanza kubadilika. Mtu aligombana na mkewe, walinzi wakaitwa, wakamchapa. Watu wakasema alistahili. Kijana alikataa kuwaamkia, akachapwa. Hapo watu walisema kidogo tu, tena ndani ya nyumba. Ndugu wawili waliokuwa na kesi ya mpaka kwangu waliacha kuja. Mmoja alikuwa amempa Makori jogoo, na mpaka ukasogezwa alasiri hiyohiyo. Chakula cha walinzi ambacho kilikuwa mchango kikawa lazima, na boma ambalo halikutoa lilianza kutembelewa. Mzee Ombati akaniambia tukiwa njiani, "Chifu, zamani tulimwogopa mwizi kwa sababu hatukumjua. Huyu tunamjua, na bado tunamwogopa." Nilipeleka habari juu, kwa wakubwa wangu. Wakaniuliza kama wizi umepungua. Nikasema umepungua. Wakasema, basi.

Aliyevunja kimya alikuwa yuleyule Ondieki. Ilikuwa siku ya kupima majani chai, watu wamepanga mifuko yao, Makori naye yuko pale akichagua nani aanze kupima. Ondieki akaweka mfuko wake chini akasema, bila kupaza sauti:

"Makori, mimi ndiye niliyesimama nikaomba tuwape kazi hii. Kwa hiyo mimi ndiye wa kwanza kusema imetosha. Tuliwapa ulinzi, hatukuwapa hukumu. Kutoka leo boma langu halitoi chakula, na filimbi yenu sitaiitika."

Makori alicheka. "Mzee, ukishaingia hii kitu, hutoki. Si mlikubali wote?"

"Tulikubali ili tusiogope," Ondieki akasema. "Sasa tunaogopa. Makubaliano yamekwisha."

Nilikuwa pale. Nilitazama nyuso za watu. Karibu wote walikubaliana naye, mtu hudhihirika usoni. Na karibu wote walitazama mifuko yao.

Mnajua kilichofuata, maana hata nyinyi vijana mmekwisha sikia visa vya aina hii. Ng'ombe wa mtu akapotea. Walinzi wakasema kamba yake imeonekana katika migomba ya Ondieki. Ilikuwa Jumatano, siku ya soko, mchana kweupe, na mimi nilikuwa nimeitwa mkutanoni Nyamira. Walimtoa shambani wakamleta sokoni. Nilipigiwa simu na Mzee Ombati, analia, mzee mzima, hawezi kumaliza maneno. Nilichukua bodaboda, nikamwambia dereva akimbize. Nilipofika, soko lilikuwa tupu, nyanya zimemwagika, na Ondieki alikuwa amelala kando ya choo cha soko. Kuna mtu aliyekuwa amemfunika kwa majani ya mgomba. Sijawahi kumjua ni nani. Kiatu kimoja cha Ondieki hakikuwepo.

Wanangu, nataka mlielewe jambo hili, kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi hata sasa. Walinzi ndio waliomleta. Lakini mawe hayakurushwa na walinzi pekee. Yalirushwa na watu waliokuwa wakiuza vitunguu. Watu waliokopeshana chumvi na Ondieki. Watu waliotazama mifuko yao siku ile, ambao mioyoni walikuwa upande wake. Yule msichana anauliza kama binadamu ni mwema au mbaya. Mimi niliwajua watu wale wote kwa majina. Niliwaandikia watoto wao barua za kuombea karo. Walikuwa watu wazuri siku ya Jumatatu, na siku ya Ijumaa walikuwa watu wazuri tena wakiandaa Sabato. Katikati kulikuwa na Jumatano.

Polisi walikuja kuuliza. Hakuna aliyeona. Soko zima halikuwa na macho. Makori na wenzake walichukuliwa, wakakaa siku chache, wakarudi, kwa maana hapakuwa na shahidi. Alipita mbele ya ofisi yangu akanipigia saluti ileile.

Siku ya mazishi ndiyo ninayotaka kuwaeleza hasa.

Kwetu kaburi huchimbwa na majirani. Haijalishi mlikuwa mkigombana namna gani. Mtu akifa, asubuhi ya kuzikwa wanaume hujitokeza na majembe bila kuitwa, wanachimba, wanataniana kidogo, wanakunywa chai ya wafiwa. Ndilo deni ambalo kila mtu anajua atalipwa na yeye. Asubuhi ile nilifika kwa Kemunto jua likichomoza. Hapakuwa na mtu. Ndugu wa marehemu, wa pekee aliyekuwa naye, alikuwa amekimbilia Narok kwa kuogopa. Viti vya kukodi vilikuwa vimepangwa, maji ya chai yamechemka, na mwili ulikuwa njiani kutoka mochari. Lakini kaburi halikuwepo. Juu barabarani niliwaona wanaume wamesimama nyuma ya ua, wamenyamaza, wanachungulia. Walikuwa wanaogopa kuonekana na Makori wakimchimbia mtu aliyeitwa mwizi.

Kemunto alitoka ndani na jembe. Alikuwa amefunga leso kiunoni. Akaenda mahali pale kando ya nyumba, akapima kwa macho, akaanza kukata nyasi.

Mzee Ombati alishtuka. Kwetu mwanamke hachimbi kaburi, sembuse la mumewe. Akamwendea mbio na koti lake la mvua. "Mokamwana," akamwambia, ndivyo tunavyomwita mke wa mtoto wetu, "mokamwana wangu, weka jembe chini. Huo ni mwiko mkubwa."

Kemunto hakusimama. "Mwiko upi, mzee? Wa kuua mmeshaumaliza. Umebaki wa jembe?"

Mzee Ombati alirudi nyuma kana kwamba amepigwa. Mimi nikavua kofia, nikaiweka juu ya kiti, nikachukua koleo lililokuwa limeegemezwa ukutani. Nilikuwa na sare. Nilichimba na sare. Udongo wetu mwekundu ni laini juu, lakini ukienda chini unashikana, na hatukuwa tumefika magotini mikono yangu ilipoanza kutoka malengelenge. Tulichimba tu. Nilisikia mtu akitembea nyuma yangu.

Alikuwa jirani wa boma la chini, na jembe lake begani. Alinyoosha mkono ampokee Kemunto jembe. Kemunto akalivuta kwake.

"Kwanza niambie," akasema. "Siku ile ulikuwa wapi?"

Mwanaume alitazama chini. "Nilikuwa sokoni."

"Ulifanya nini?"

"Nilitazama."

Kemunto akasogea kando. "Haya. Ingia."

Akaja mwingine. Aliulizwa vilevile. Alisema alikuwa sokoni, akafunga duka lake mapema, akaenda zake. Akaruhusiwa. Wa tatu akasema ndiye aliyepeleka neno kwa walinzi kwamba Ondieki yuko shambani, kwa sababu aliulizwa na hakujua wanamtakia nini. Akaruhusiwa. Walianza kushuka kutoka barabarani mmojammoja, na wanawake nao wakasogea, wakasimama kimya na mikono kifuani. Hakuna aliyekataa kuulizwa. Yeyote aliyetaka kuchimba alisema kwanza, mbele ya wote, mbele yangu mimi, serikali, niliyekuwa nimejaa udongo mpaka usoni.

Akaja Nyakundi. Huyu aliimba besi katika kwaya ya kanisa, na majani chai yake yalipakana na ya Ondieki.

"Ulikuwa wapi?"

"Sokoni."

"Ulifanya nini, Nyakundi?"

Akanyamaza mpaka wale waliokuwa shimoni wakaacha kuchimba. "Nilirusha," akasema. "Nilirusha jiwe. Kila mtu alikuwa akirusha. Lilimpata. Niliona limempata."

Mwanamke mmoja alianza kulia. Kemunto alisimama pale na jembe lake, na mimi nikawa sijui kama atalishusha au atampiga nalo. Sijui ningefanya nini. Mwishowe akalinyoosha mbele. "Chukua. Shuka chini kabisa, mahali pagumu."

Alichimba bila kupumzika, akilia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

Kaburi lilikuwa limekaribia kuisha Makori alipofika na vijana wake, gambuti miguuni, filimbi shingoni. Alivua kofia kwa heshima. "Mama, pole sana. Tumekuja kumsitiri mwenzetu. Nyinyi pumzikeni."

Kemunto akamuuliza swali lilelile.

"Mama, siku ile tulikuwa kazini," Makori akasema. "Tulikuwa tunalinda usalama."

"Sijakuuliza hilo. Nimekuuliza ulifanya nini."

"Tulilinda usalama."

"Basi hapa hakuna kazi yako," Kemunto akasema.

Makori akatazama watu, akingoja mtu acheke au amwambie mama anyamaze. Wanaume waliokuwa shimoni walipanda juu, wakasimama na majembe yao, udongo umewaganda mpaka mapajani. Hawakumtishia. Walisimama tu, wanamtazama usoni, nao walikuwa wengi. Kijana mmoja wa Makori akavua filimbi shingoni, akaitia mfukoni. Halafu wakageuka, wakaondoka. Siku ile, wanangu, utawala wa Makori ulikwisha, na hakuna risasi iliyolia. Filimbi ilipulizwa tena mara kadhaa baadaye, lakini hakuna mlango uliofunguka.

Tulimzika Ondieki jioni hiyo.

Kama ningekuwa mtu wa kutunga hadithi ningeishia hapo. Lakini nyinyi mnaingia kazini, lazima mjue yaliyobaki. Maafisa wa upelelezi walirudi, nami nikawapeleka nyumba kwa nyumba. Wengi waliosema kaburini hawakutaka kusema kortini. Mmoja alisema pale alimwambia mama mfiwa, si serikali, na hayo ni mambo mawili. Wengine walihama kwa muda mpaka kesi ikaisha. Nilitoa ushahidi wangu juu ya nilichosikia, wakili wa Makori akaniuliza kama niliona kwa macho yangu, nikasema la. Makori akaachiliwa. Siku hizi ana duka la vifaa vya ujenzi huko Keumbu na nasikia linaendelea vizuri.

Aliyefungwa ni Nyakundi. Hakimu alimuuliza, naye akajibu kama alivyojibu kaburini, neno kwa neno. Wakili alimshika mkono akae chini, akaukwepa ule mkono.

Mwaka uliofuata Kemunto alikuja kwangu asubuhi moja akaniomba nimsindikize gerezani Kisii. Sikumuuliza kwa nini. Njia nzima alikuwa na mfuko mapajani, sabuni na sukari ndani yake. Nyakundi aliletwa upande wa pili wa wavu. Alikuwa amekonda, nguo zimemning'inia. Alipomwona Kemunto alitaka kurudi ndani, askari akamzuia.

"Kaa," Kemunto akamwambia.

Akakaa. Nyakundi ndiye aliyeanza. "Mke wangu hajaja tangu Pasaka. Nasikia ameenda kwao. Watoto wangu... Sijui watoto wangu wanakula wapi."

"Wanakula kwangu," Kemunto akasema.

Nyakundi akainamisha kichwa mpaka kikagusa wavu. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Alikuwa akisema asante, asante mama, Nyasae, Mungu wetu, akubariki.

"Usinishukuru," Kemunto akasema. "Sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe. Lakini wao hawakurusha kitu."

Alimpa askari ule mfuko akaguliwe, akasimama. Tulitoka nje, jua lilikuwa kali. Nilitaka kumwambia jambo, kama ninavyotaka kuwaambia nyinyi sasa, jambo la maana ambalo naibu wa chifu mstaafu anapaswa kuwa nalo. Sikulipata. Yeye alitazama mawingu upande wa nyumbani, akaniuliza kama nadhani mvua itanyesha, kwa sababu majani yake yalikuwa yamezidi kukomaa na hakuwa na mtu wa kumsaidia kuchuma.

Nikamwambia nitakuja kesho.